Kutoka Kipenga hadi Leja: Hotuba kwa Walimu Wanaotaka Kusimamia Biashara ya Michezo Shuleni

Ndugu mwenyekiti, wakuu wa shule mliohudhuria, makocha na walimu wenzangu,

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie safari ya mwalimu anayetoka darasani na uwanjani kwenda kwenye ofisi inayoshughulikia fedha, mikataba, vifaa na ratiba za michezo ya shule, na nimelikubali ombi hilo kwa sababu safari hiyo nimeipita mwenyewe. Nilifundisha biolojia kwa miaka 13, na katika miaka 11 kati ya hiyo nilikuwa pia kocha wa voliboli ya wasichana. Leo sina darasa wala timu. Nasimamia upande wa biashara wa michezo katika shule yenye timu nyingi, na walimu wanaofikiria kuifuata njia hii huniuliza swali lile lile: je, nikienda huko nitaacha kuwa mwalimu? Nitalijibu kwa kueleza kazi yenyewe ilivyo, maana nimeona wengi wakiikimbilia bila kuijua, na wengine, wenye uwezo mkubwa, wakiikataa kwa sababu hiyo hiyo.

Naomba nianze na lugha. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kufundisha, kwa mtu anayeeleza mzunguko wa damu ubaoni na kwa mtu anayeonyesha namna ya kupokea mpira uliopigwa kutoka ng'ambo ya wavu, na wachezaji humwita kocha wao "mwalimu" hata kama hajawahi kushika chaki. Kwa hiyo kuvuka kutoka darasani kwenda uwanjani hakumpi mtu wasiwasi, kwani hata jina lake halibadiliki. Kusimamia ni neno la namna nyingine. Limetoka katika kusimama, na katika kazi ninayoizungumzia maana hiyo ya asili bado ina nguvu: unasimama kando ya jambo mpaka likamilike, dhamana yake ikiwa mikononi mwako, huku wengine wakilicheza na wengine wakilishangilia.

Niliingia katika kazi hii kwa uchungu. Katika msimu wangu wa saba kama kocha, timu yangu ilishinda mechi ambayo hakuna aliyetarajia ishinde, ikafuzu kwa nusu fainali, na hatukwenda. Fedha za usafiri zilikuwa zimekwisha. Nilikwenda ofisini kwa mhasibu nikiwa na hasira ya mtu aliyedhulumiwa, naye hakubishana nami. Alifungua leja, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akaniuliza kama saini ile ilikuwa yangu. Ilikuwa yangu. Katikati ya msimu nilikuwa nimeomba seti ya pili ya jezi, kwa sababu timu pinzani zilikuwa nazo na wasichana wangu walikuwa wakitamani, na fedha zile zilitoka katika fungu lile lile la timu. Safari yetu ya nusu fainali ilikuwa imetundikwa stoo, jezi 14 ambazo hazikuwahi kuvaliwa katika mechi ile.

Nilitoka pale nikiwa nimejifunza jambo ambalo kwa miaka saba ya ukocha sikuwahi kulifikiria: katika mashindano ya mtoano, timu inayoshinda hugharimu zaidi kuliko timu inayoshindwa. Kila ushindi huleta safari nyingine, chakula kingine, pengine na malazi, na vipindi ambavyo walimu waliosafiri na timu hawatafundisha na vitahitaji mtu wa kuvishika. Kocha huandaa timu ili ishinde, lakini ni nadra sana bajeti ya timu kuandikwa kana kwamba ushindi unawezekana. Sasa kila mwaka hutenganisha mafungu mawili. La kwanza ni la hatua za awali, na kila timu hupewa sehemu yake. La pili ni fungu la pamoja la hatua za juu, ambalo halifunguliwi na mtu yeyote, wala kwa jezi wala kwa sherehe, mpaka timu iwe imefuzu. Ukubwa wa fungu hilo hukadiriwa kwa kutazama misimu mitano iliyopita na kuhesabu ni timu ngapi hufika mbali kwa kawaida, kisha kuongeza nafasi ya timu moja zaidi. Si hesabu ngumu, lakini ni lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kuifanya kabla msimu haujaanza, wakati makocha wote wangali wanafikiria mechi ya kwanza.

Walimu wenzangu, msidhani mnaingia katika kazi hii mikono mitupu. Anayeandika azimio la kazi la muhula mzima, akagawanya mada kwa wiki, akaacha nafasi ya marudio na mtihani, ameshajua kutengeneza bajeti. Kilichobaki ni kujifunza kuiandika kwa tarakimu. Mwalimu aliyezoea kuita mahudhurio kila asubuhi hatasumbuka kutunza rejesta ya vifaa. Aliyewahi kuzungumza na mzazi ambaye mtoto wake ameshindwa, na mzazi huyo akatoka akiwa na heshima yake, ataweza kumweleza mdhamini kwa nini bango lake haliwezi kuwekwa pale anapotaka. Nimewaona watu wenye shahada nzuri za biashara wakishindwa katika kazi hii kwa sababu hawakujua kwamba mtoto wa miaka 14 anaweza kuacha mchezo kwa aibu ya viatu, akasema ameacha kwa sababu ya masomo. Mwalimu analijua hilo tangu mwaka wake wa kwanza kazini.

Hata hivyo, ujuzi huo ni nusu ya kazi, na nusu ya pili inahitaji unyenyekevu wa kukaa tena kwenye dawati kama mwanafunzi. Nitasema kwa kirefu juu ya fedha, kwa sababu hapo ndipo walimu wema hujikwaa, nami nilijikwaa.

Mwaka wangu wa kwanza ofisini tuliandaa mashindano ya siku moja yenye kiingilio. Jioni kila mtu alikuwa amechoka, basi la mwisho la wageni lilikuwa limeondoka, na mimi, kwa nia njema kabisa, niliwaruhusu wasaidizi waende kupumzika, nikabaki peke yangu kuhesabu mapato ya mlangoni. Asubuhi fedha hazikulingana na idadi ya tiketi. Tofauti ilikuwa ndogo, na hakuna aliyenituhumu. Lakini nilipoulizwa ni kwa njia gani ningeweza kuthibitisha kwamba fedha zilizohesabiwa usiku ndizo zilizokusanywa mchana, sikuwa na jibu lolote ila neno langu. Nilikuwa nimetumia miaka 13 nikijenga jina la uaminifu mbele ya wanafunzi na wazazi, na kwa usiku mmoja nilikuwa nimeliweka mahali ambapo haliwezi kutetewa.

Tangu siku hiyo utaratibu wetu haubadiliki, hata kama tukio ni dogo. Tiketi zina namba mfululizo, na namba ya kwanza na ya mwisho huandikwa kabla mlango haujafunguliwa. Anayeuza tiketi si yule anayeipokea na kuichana mlangoni. Fedha huhesabiwa na watu wawili wakiwa pamoja, wote hutia saini kwenye fomu moja, na anayezipeleka benki ni mtu wa tatu ambaye hakuhusika na kuuza wala kuhesabu. Fedha taslimu hazilipi mwamuzi wala muuza maji papo hapo; zote huingia benki kwanza, na malipo hutoka kwa hati. Nimeshaulizwa na makocha kama utaratibu huu unamaanisha kwamba hawaaminiwi. Huwajibu kwamba unawalinda wao kuliko unavyoilinda shule, kwa kuwa shule ikipoteza kiasi kidogo itaendelea kuwepo, lakini mwalimu aliyeshukiwa hata bila ushahidi huwa hairudii tena hali yake ya zamani.

Upande wa matumizi una elimu yake, na elimu hiyo, ikitumiwa vizuri, huwaweka watoto ndani ya timu. Mkuu mmoja wa shule aliwahi kuniomba nipunguze wachezaji wanaosafiri kutoka 18 hadi 12 ili kubana matumizi. Nilimwomba tukae pamoja tuzitazame gharama moja moja. Basi la kukodi hulipiwa kwa safari, liwe na watu 12 au 18. Ada ya kushiriki hulipwa kwa timu, na malipo ya waamuzi hulipwa kwa mechi. Kilichopungua kwa kuwaacha watoto sita nyumbani kilikuwa chakula tu. Tulikubaliana kwamba kiasi kile hakistahili watoto sita kukaa nyumbani, na wote 18 walisafiri. Lakini hesabu hiyo hiyo huweza kugeuka. Basi lenye viti 30 huchukua timu mbili za wachezaji 14 pamoja na makocha wawili bila kubaki kiti. Ukiongeza mchezaji mmoja tu, unahitaji chombo cha pili, na mtoto huyo mmoja anakuwa amegharimu kama safari nzima. Mtu asiyetofautisha gharama ya kudumu, gharama inayopanda kwa kila kichwa, na gharama inayoruka kwa mkupuo baada ya kufika kikomo fulani, ataamua mambo ya watoto kwa kubahatisha, na mara nyingi atabahatisha vibaya.

Kuna pia suala la wakati. Bajeti inaweza kulingana kikamilifu kwenye karatasi na bado shule ikakwama, kwa sababu matumizi makubwa ya msimu, yaani mipira, jezi, bima na ada za usajili, huja mwanzoni, ilhali mapato ya viingilio na ya udhamini huja msimu ukiwa umekwisha kuanza au unakaribia kumalizika. Ninapanga mapato na matumizi kwa mwezi, katika karatasi moja ndefu, nikitafuta mwezi ambao fedha zitakuwa chini kabisa, na ninazungumza na wauzaji wa vifaa mapema juu ya mwezi huo. Muuzaji anayeambiwa kabla huweza kukubali kulipwa kwa awamu. Yule anayegundua mwenyewe kwamba hulipi hutafuta mteja mwingine.

Kuhusu vifaa nitasema kidogo. Shule yenye timu 12, ambayo jezi zake hudumu miaka minne, inapaswa kununua jezi za timu tatu kila mwaka kwa zamu inayojulikana na wote. Jambo hili linaonekana dogo, lakini limeondoa ugomvi mwingi kuliko mkutano wowote niliowahi kuuendesha, kwa sababu kocha ambaye hakupata mwaka huu anaujua mwaka wake. Kila kifaa kina namba, kinasainiwa kinapotoka na kinasainiwa kinaporudi.

Ninapofikiria stoo, humkumbuka James Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu. Mnamo Desemba 1891, akiwa mwalimu wa elimu ya viungo huko Springfield, Marekani, alitakiwa abuni mchezo wa ndani kwa ajili ya darasa la wanafunzi 18 waliochoshwa na mazoezi ya majira ya baridi. Alimwomba mtunza jengo masanduku mawili. Mtunza jengo hakuwa na masanduku, akamletea vikapu viwili vya kuhifadhia matunda, na mchezo ukapata jina lake kutokana na kile kilichokuwemo stoo. Mpira ulipoingia kikapuni ilibidi mtu apande kuutoa. Sanamu na tuzo ni za Naismith, na anastahili. Lakini mimi humfikiria pia yule aliyejua ni kitu gani kipo na kiko wapi, kwa maana somo lile lisingefanyika bila yeye.

Sasa niseme juu ya wadhamini, ambao wengi wenu mnadhani ndio moyo wa kazi hii. Udhamini ni mzuri, nami huutafuta, lakini kabla ya kwenda kwa mfanyabiashara yeyote ni lazima shule iwe imejiuliza inauza nini. Inaweza kuuza nafasi ya bango uwanjani, jina kwenye kombe, tangazo kwenye ratiba iliyochapishwa. Haiwezi kumuuza mtoto. Picha ya mchezaji aliye chini ya umri wa utu uzima haitumiki kwenye tangazo bila ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi, na nina msimamo kwamba hata ridhaa ikiwepo, jina kamili lisiambatane na picha. Biashara za pombe, tumbaku na kamari hatuzipokei hata zikija na fedha za kujenga uwanja mpya. Na mkataba usomwe wote, kwa sauti, na watu wawili. Niliwahi kukaribia kutia saini mkataba uliokuwa na sharti lililofichwa katika ukurasa wa mwisho, la kutununulisha vifaa vyote vya michezo kwa mdhamini yule yule kwa miaka mitano kwa bei ambayo angeipanga yeye. Zawadi ya mwaka wa kwanza ingelipwa na shule mara nyingi kufikia mwaka wa tano. Aliyeliona sharti lile alikuwa mwalimu wa lugha, ambaye nilimwomba asome nami kwa sababu tu yeye husoma polepole.

Ipo hatari nyingine katika udhamini ambayo haimo kwenye mkataba wowote: mdhamini hupenda timu inayotazamwa, na timu inayotazamwa mara nyingi ni ya wavulana. Msimamizi akiacha fedha zifuate mapenzi ya wadhamini, baada ya misimu michache atakuwa na shule mbili ndani ya uzio mmoja. Marekani ina fundisho kubwa hapa. Sheria inayojulikana kama Title IX, iliyopitishwa mwaka 1972, inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mpango wowote wa elimu unaopokea fedha za serikali kuu ya nchi hiyo. Sentensi yake kuu haitaji neno michezo. Katika msimu wa 1971–72, wasichana waliocheza katika timu za shule za sekondari nchini humo hawakufika 300,000, huku wavulana wakizidi milioni 3.6. Miongo iliyofuata ilishuhudia idadi ya wasichana ikivuka milioni 3. Wasichana hawakuzaliwa upya mwaka 1972. Kilichobadilika ni maamuzi ya watu waliokuwa wakigawa viwanja, saa za mazoezi, makocha na mabasi.

Kinachonigusa zaidi katika utekelezaji wa sheria hiyo ni kwamba haitazami tu jumla ya fedha. Wakaguzi huuliza nani anafanya mazoezi saa ngapi, nani anasafiri kwa chombo gani, nani ana chumba cha kubadilishia nguo, kocha wa nani ana uzoefu gani. Na shule haiwezi kujitetea kwa kusema kwamba ziada ya wavulana ilitoka kwa wahisani, kwani zawadi ikishapokelewa na shule inakuwa sehemu ya mgawanyo wa shule. Mimi siishi chini ya sheria hiyo, lakini nimeyachukua maswali yale na kuyafanya yangu. Nilipoyauliza mara ya kwanza nikiwa na ratiba ya uwanja mkononi, niligundua kwamba timu zote za wasichana zilikuwa zikifanya mazoezi saa ya jua kali, na hakuna aliyekuwa amepanga hivyo kwa makusudi. Ratiba ilikuwa imerithiwa, mwaka baada ya mwaka, tangu wakati shule ilipokuwa na timu moja tu ya wasichana.

Kuhusu usalama, sitasema mengi kwa sababu makocha mnaujua, lakini kumbukeni kwamba kwa msimamizi usalama ni mstari wa bajeti kabla haujawa jambo lingine lolote. Moyo wa mchezaji ukisimama ghafla, kila dakika inayopita bila kumkandamiza kifua na bila mashine ya kushtua moyo hupunguza uwezekano wa kupona kwa takribani asilimia 7 hadi 10. Kwa hiyo mashine iliyofungiwa ofisini upande wa pili wa shule, na mwenye ufunguo akiwa ameenda nyumbani, ni fedha zilizotupwa. Mchezaji aliyezidiwa na joto mpaka akachanganyikiwa anatakiwa kupozwa kwa maji baridi hapo hapo uwanjani kabla ya kukimbizwa hospitalini, na hilo linamaanisha kwamba beseni kubwa, maji na barafu vimenunuliwa na viko karibu na uwanja. Msiba ukitokea, kocha ataulizwa alifanya nini. Msimamizi ataulizwa alinunua nini, lini, na alikiweka wapi.

Nifike sasa kwenye jambo lililonigharimu kuliko yote niliyoyataja. Kwa mwaka mmoja na nusu baada ya kuteuliwa niliendelea kuwa kocha wa timu yangu ya voliboli. Nilijiambia kwamba ninawasaidia wasichana wale, kwamba hakuna mtu mwingine anayewajua kama mimi. Katika kipindi hicho, kila nilipogawa saa za ukumbi, kocha wa mpira wa kikapu alinyamaza kwa namna ambayo sikuipenda. Nilirudi kwenye kumbukumbu nikakagua mgawanyo wangu mwenyewe kama ningekagua wa mtu mwingine, nikakuta kwamba voliboli ilikuwa na saa mbili zaidi kila wiki. Sikuiba saa zile. Zilikuja zenyewe, kidogo kidogo, kwa sababu mahitaji ya timu yangu niliyajua kwa moyo na ya timu nyingine niliyasoma kwenye fomu. Mtu hawezi kuwa mgawaji na mwenye fungu kwa wakati mmoja, hata awe mwadilifu kiasi gani.

Nilikabidhi kipenga kwa mwalimu kijana aliyekuwa msaidizi wangu. Siku ya mechi yake ya kwanza nilisimama nyuma ya mlango wa ukumbi, nikiona makosa matatu katika seti ya kwanza, na sikuingia. Waliopitia ukocha mnaelewa uzito wa kutoingia. Timu ilipoteza mechi ile, na baadaye nilisikia kwamba wasichana walikuwa wamekaa na kocha wao mpya mpaka jioni wakizungumza jinsi ya kuyarekebisha makosa yale yale matatu, ambayo walikuwa wameyaona wenyewe.

Kuna upweke katika nafasi hii, na ni haki nikiri. Walimu niliokula nao chakula cha mchana kwa miaka mingi walianza kubadilisha mazungumzo nilipokaribia, kwa kuwa sasa niliweza kukataa maombi yao. Sikupata dawa ya hilo, ila niligundua kwamba kuchapisha bajeti yote ya michezo na kuibandika mahali ambapo kila kocha anaiona kulirudisha sehemu ya urafiki ule. Mtu akijua kwa nini amenyimwa, na akaona kwamba aliyepewa alipewa kwa kigezo kilichoandikwa, hasira yake huwa fupi.

Mnaotaka kuanza mtaniuliza njia ya kujifunza. Fani hii ina umri, na ilianza kwa msaada wa mwalimu. Mwaka 1957 Walter O'Malley, mmiliki wa timu ya besiboli ya Dodgers, alimwandikia James Mason, mhadhiri wa elimu ya viungo, akimuuliza ni wapi angepata mtu aliyesomea kuendesha viwanja na mashirika ya michezo, ikiwemo michezo ya vijana. Jibu la kweli lilikuwa kwamba hakuna mahali. Mason aliendelea na wazo hilo mpaka mwaka 1966 masomo ya shahada ya uzamili ya usimamizi wa michezo yalipoanza katika Chuo Kikuu cha Ohio. Mwaka 1977 wasimamizi wa michezo ya shule za Marekani waliunda chama chao cha kitaifa, ambacho leo kina ngazi za vyeti kwa wanaofanya kazi hiyo. Vyuo vyenye fani hii sasa viko katika mabara mengi, na anayeweza kusoma asome.

Lakini msisubiri chuo. Omba kutunza rejesta ya vifaa kwa msimu mmoja. Omba kuwa mweka hazina wa mashindano madogo, na baada ya mashindano andika taarifa ya ukurasa mmoja inayoonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, pamoja na stakabadhi zote. Kaa na mhasibu wa shule wakati wa kufunga mwaka, usiulize kitu siku ya kwanza, angalia tu. Jifunze kusoma mizania kabla ya kujifunza kuandika barua ya udhamini, hata kama barua ndiyo inayovutia zaidi. Na mkiweza, chukueni somo la sheria ya mikataba, hata la jioni, hata la miezi mitatu.

Walioniuliza kama niliacha kuwa mwalimu nawaomba tulifanye jibu pamoja. Nimekuja na nakala za bajeti ya msimu mzima, iliyoondolewa majina ya shule na ya watu, yenye mistari 41. Ndani yake kuna makosa manne niliyoyaacha kama yalivyokuwa, na mawili kati yake yangewanyima watoto kucheza. Tafadhali zigawanywe. Kaeni wawili wawili, mmoja wenu asome kwa sauti, na tuanze na mstari wa usafiri.